Mbuzi wa Matanga ya Bibi

Kwenye kliniki yetu ya mifugo, kisu huachwa dirishani. Hakuna tangazo lolote ukutani, lakini kila mtu anajua. Ukifika na mnyama mgonjwa unamsalimia aliyekaa kwenye kidirisha cha dawa, ambaye ni mimi, kisha unatoa kisu chako huko ulikokificha, kwenye pindo la kikoi au ndani ya mkoba wa ukindu, unakilaza juu ya ubao. Ukiondoka unakichukua. Siku za mnada hukaa nyuma ya visu vingi hadi wapita njia huniuliza bei.

Mtu wa mbali atashangaa tunakwendaje kutafuta matibabu na kisu mkononi. Sisi hatuoni ajabu. Mnyama akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Kwa hiyo anayemleta mbuzi mgonjwa huja na matumaini mawili kwa mpigo: kwamba atapona, na kwamba akishindikana atawahiwa. Shida ni kwamba matumaini hayo hayaelewani. Mnyama akishadungwa dawa, nyama yake haifai kuliwa mpaka dawa itoke mwilini, na kuna dawa za kukaa mwezi mzima. Ukimdunga akafa, umekosa vyote. Ndiyo maana Daktari wetu, kabla hajagusa chupa yoyote, humuuliza mwenye mnyama swali moja tu: "Sindano au kisu?"

Nimeona wanaume wenye ndevu zao wakitokwa jasho kwa swali hilo. Bwana mmoja wa Kilangala alisema sindano, akasema kisu, akasema ngoja nimpigie simu mke wangu, na simu ikawa haipatikani. Ng'ombe wake alichoka kulala, akasimama, akaondoka zake. Mpaka leo yupo hai, na bwana yule anadai tulimtibu vizuri sana.

Tupo watatu pale. Daktari ni Mngoni wa Songea, Mkatoliki, mwanamke wa mwili na sauti, anayevaa gambuti hata kiangazi kikauke vipi. Msaidizi wake ni Mzee, ambaye kazi yake ni kukamata, kulaza na kuhasi kwa koleo. Kwenye shughuli za watu, Mzee huyohuyo ndiye mchinjaji anayeaminiwa na kila nyumba. Mabeberu wakimwona njiani hugeuza. Siwalaumu, maana hawajui leo amekuja kwa kazi ipi kati ya zile mbili. Wa tatu ni mimi, mwuza dawa na mshika mikia, niliyeajiriwa kwa sababu naandika vizuri na siogopi mavi.

Daktari alipohamia huku watu walifurahi kupita kiasi, si kwa sababu ya elimu yake bali kwa sababu ni Mngoni, na Wangoni ni watani wetu sisi Wamwera. Mtani unamtukana na hakasiriki. Anachukua kitu chako mchana kweupe na huna pa kumshitaki. Na kwenye msiba, wakati wote mnalia, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Kwa hiyo matibabu ya kuku mmoja mwenye kideri yalianza kuchukua asubuhi nzima, kwa sababu lazima kwanza watukanane.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa bingwa wa jambo hilo. Tuliishi naye nyumba moja, na mimi aliniita mke mwenzake, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, akinilaumu kila siku kwamba nimemwibia marehemu babu. Alikuwa na mbuzi mmoja wa kahawia, amehasiwa na Mzee mwenyewe, mnene wa kutosha na mjeuri wa kuzidi. Mbuzi yule alikuwa wa matanga yake. Bibi alikuwa amewausia watoto wake wote, na zaidi mjomba wangu ambaye ni mkubwa wao: "Nikifa, siku ya kuanua tanga mchinjeni huyu, watu wale, wasitoke kwangu na njaa wakaenda kunisema njiani." Hakuwa wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na mwingine aliyezeeka Bibi akiwa bado mzima, akaliwa kwenye harusi. Bibi alikwenda harusini na akala nyama ile kwa huzuni, akisema anakula matanga yake mwenyewe.

Mwaka ule, baada ya Ramadhani, Bibi aliamua kufa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikuwa na kikohozi na miguu iliyovimba, lakini zahanati hataki, uji hataki, kazi yake kukaa barazani na kuaga wapita njia. Mama alilia, mimi niligomba. Nilimwambia kwamba mtu anayekufa hawezi kuwa na nguvu ya kunifokea hivyo. Hakusikia. Moyoni niliogopa sana, maana nilimjua Bibi: jambo akilisema analitenda.

Kisha mbuzi akaanza kukohoa.

Hapo Bibi aliinuka. Alitoka nyumbani mpaka kliniki kwa miguu, yule aliyekuwa hawezi kufika chooni, akimvuta mbuzi kwa kamba. Nilikuwa dirishani. Alifungua fundo la khanga, akatoa kisu, akakilaza mbele yangu bila hata kunitazama.

"Shikamoo Bibi," Daktari alisema.

"Marahaba, mwizi wa mbuzi. Babu zako walikuja kutuibia hapa na mikuki, wewe umekuja na sindano."

"Na huyu nimempenda. Leo nakula nyama ya Mmwera."

Daktari alichuchumaa, akaweka sikio kwenye ubavu wa mbuzi, akampima joto kule kunakopimwa, na mbuzi akatoa maoni yake kwenye gambuti. Ilikuwa homa ya mapafu. Daktari alisimama, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Bibi, anapona huyu. Sindano au kisu?"

Bibi alitazama kisu, akatazama mbuzi. Nilijua anachokipigia hesabu. Kisu maana yake ni nyama kuliwa leo, na matanga yabaki bila kitoweo. Sindano maana yake ni mbuzi kupona, lakini haliwi.

"Dawa inakaa muda gani?"

"Mwezi."

"Na mimi nikifa kesho?"

"Huruhusiwi," alisema Daktari. "Nikishamdunga huyu, hufi mpaka dawa itoke. Ukifa kabla, wageni wako watakula mchicha."

"Mchicha!" Bibi alisema hivyo kwa uchungu wa kweli. Alifikiri, akasonya, akamgeukia Mzee. "We mshike vizuri. Asidungwe mara mbili ikawa miezi miwili."

Jioni ile aliomba uji. Kesho yake alimwambia Mama ampeleke zahanati, akaeleza kwa mganga mbele ya foleni nzima kwamba hana nafasi ya kufa kwa sasa, ana mbuzi kwenye dawa. Alimeza vidonge vyote. Miguu ilinywea. Alirudi hata kwenye mabishano yake na jirani kuhusu mpaka wa mikorosho, na jirani peke yake ndiye aliyesikitika kwamba Bibi amepona.

Mwezi ulipoisha alirudi na mbuzi. "Dawa imetoka?" aliuliza, kwa sauti ileile ya barazani, sauti ya kuaga. Daktari hakumtazama mbuzi. Alimtazama Bibi, macho, viganja, shingo, muda mrefu. Ndipo akafunua kope la mbuzi akasema, "Minyoo." Mbuzi akanyweshwa dawa ya minyoo, na Bibi akaongezewa siku za kuishi.

Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida. Ilikuwa minyoo, ikawa kupe, ikawa macho. Siku moja Daktari aliniagiza chupa kutoka kabatini, nikaona ni vitamini tu, kitu ambacho hakimzuii mtu kula nyama hata jioni hiyohiyo. Nikafungua mdomo. Daktari alinikazia macho, na Mzee, aliyekuwa amembana mbuzi kwa magoti, alinikanyaga kidole cha mguu kwa makusudi kabisa. Nikafunga mdomo. Bibi alipoondoka Mzee aliosha ndoo, Daktari akaanza kugombana na jogoo wa mtu, na mimi nilikwenda nyuma ya jengo nikalia kidogo, kwa furaha, halafu nikarudi kuuza dawa ya kuogeshea.

Hivyo ndivyo Bibi alivyopita mvua za vuli, akapita masika, akaingia msimu wa mbaazi. Mbuzi alinenepa kwa vitamini mpaka ngozi inang'aa. Watu walimwuliza Bibi anampa nini, akajibu, "Nampa umri wangu."

Kisha mbuzi alijikata mguu kwenye bati. Kidonda kikaoza, kikaingia funza, na safari hii Daktari hakuwa na haja ya kutafuta sababu. Alimdunga dawa ya kweli, ileile ya mwezi mzima. Bibi aliondoka akilalamika kwamba kwa mwendo huu atafika Kiyama akiwa anasubiri. Siku chache baadaye, baada ya Alasiri, Mama alimkuta ameegemea ukuta, ungo wa mbaazi mapajani, nusu zimechambuliwa. Alikuwa amekwenda. Masharti aliyavunja, bila kuaga mtu, yeye aliyeaga mwaka mzima.

Sitaeleza kilio changu. Nasema tu kwamba siku ya kuanua tanga nilikuwa bado siwezi kusema vizuri, na uwanja ulikuwa umejaa, na mjomba alikuwa anamvuta mbuzi kwa kamba, kisu kiunoni.

"Mzee," alisema, "tuchinjie, mchana usitukute."

Mzee alitikisa kichwa. "Huyu nilimshika mwenyewe akidungwa. Dawa haijatoka."

"Mama ameusia!"

"Najua alivyousia. Nyama hii siwalishi watu."

Wasia wa marehemu si mchezo. Kuna mama mdogo mmoja alianza kusema kwamba hawa wa kliniki ndio waliomloga mama. Mjomba macho yalikuwa mekundu, na mkono umefika kwenye kisu. Nilitaka kumweleza, lakini ningeanzia wapi? Kwamba tulimcheleweshea mama yake kifo kwa chupa za vitamini, na siku alipokufa tukawa tumemnyima lile moja aliloomba? Nilihisi tumemdhulumu.

Hapo ndipo tuliposikia gambuti.

Daktari aliingia uwanjani amejifunga khanga ya Bibi, ambayo sijui aliitoa wapi, amejipinda mgongo, anaburuta miguu, fimbo mkononi. Alikuwa Bibi mtupu. Alisonya kama Bibi. Alisimama mbele ya yule jirani wa mikorosho akamwambia, "Bado unakula korosho zangu?" Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mama. Daktari alifika kwa mjomba, akamtazama chini juu, akauliza kwa sauti ile nyembamba: "Dawa imetoka?"

Mjomba aliangua kicheko na kilio kwa pamoja, akashindwa kuzuia kimojawapo. Akiwa bado ameinama, Daktari alimnyang'anya kamba.

"Nimemteka!" alipiga kelele, mgongo ukanyooka. "Wangoni hatujaacha kazi. Mtamkomboa dawa ikitoka!"

Akaondoka naye, mbuzi akichechemea, wanawake wakimpigia vigelegele na kumtupia maganda ya mihogo. Hakuna wa kumshitaki, ni mtani. Nyuma ya pikipiki ya kliniki, ndani ya tenga, alikuwa ameleta mbuzi mwingine, mweusi, ambaye hajawahi kuona sindano maishani mwake. Mzee alimchinja. Watu walikula wakashiba, na hakuna aliyetoka kwetu na njaa.

Mbuzi wa kahawia alibaki kliniki. Kidonda kilipona. Arobaini ilipokaribia, mjomba alikuja. Alinisalimia dirishani, akatoa kisu, akakilaza kwenye ubao kama watu wote. Mbuzi alikuwa kwenye kivuli cha mnazi akitafuna boksi la chanjo.

"Dawa imetoka?" mjomba aliuliza.

Ilikuwa imetoka. Nilijua, na Mzee alijua, na Daktari, aliyekuwa ameshika bata, aligeuka upande wa pili ghafla kama aliyeitwa.

"Bado, mjomba," nilisema.

Alinitazama. Kisha akamtazama mbuzi, akaenda akachuchumaa, akamkuna kati ya pembe pale Bibi alipokuwa akimkuna, akakaa hapo mpaka chai ilipoiva. Tulikunywa naye. Alipoinuka alijifuta mikono akasema, "Basi, tusubiri."

Aliondoka akasahau kisu. Bado kipo hapa dirishani, nakifungulia maboksi ya dawa. Mjomba huja karibu kila mwezi, huuliza swali lake, hupata jibu lake na chai yake, na kisu hajawahi kukiulizia.