Mmbone Alipopata Maneno

Risper Nekoye alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka kumi na mmoja, homa ya uti wa mgongo ilipomlaza wiki tatu kwao Iguhu. Sauti ilimbakia, ila kwa kuwa hakuisikia, aliongea kwa kupayuka bila kujua. Wengi hawakufahamu kwamba alisoma midomo. Walisimama mbele yake wakaulizana nani atamwoa kiziwi, naye akawatazama tu kama asiyeona kitu.

Mwaka wa 1994 alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine mjini Kakamega. Jumamosi alikwenda majumbani kufundisha lugha ya ishara, kwa familia zenye watoto viziwi ambao bado ni wadogo mno kwa shule ya bweni. Hakukubali kumfundisha mtoto peke yake. "Mtoto atashika upesi," aliwaambia wazazi. "Ninyi mnaosikia ndio wagumu."

Katika kijiji cha Malinya alimfundisha Pascalia, mjane kijana, na bintiye Mmbone wa miaka mitano. Waliishi kwenye boma la shemeji yake Pascalia, Osundwa, ambaye fahali wake alikuwa ameshinda mapigano manne mfululizo. Mtu huyo hakupita njiani bila kupigiwa ngoma za isukuti.

Miezi ya kwanza boma zima lilifurahia masomo. Maji. Kuku. Obusuma, yaani ugali. Osundwa mwenyewe alitaka awe na ishara yake, na Risper akampa: kidole kimoja kando ya kichwa. Pembe mbili ni fahali, pembe moja ni Osundwa.

"Mwalimu, umenipandisha cheo!" Osundwa alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwezi wa saba Risper akaingia kwenye maswali. Nani. Wapi. Inauma. Mmbone alikuwa na makovu matatu ya mviringo nyuma ya mguu. Risper alikwisha kuambiwa kwamba alianguka jikoni, kwa hiyo aliyagusa kwa ajili ya mazoezi tu, akauliza: inauma?

Mtoto akatikisa kichwa. Halafu akaanza kueleza bila kuulizwa. Moto. Kuni. Kidole kimoja kando ya kichwa. Akaonyesha ukuni ukigandamizwa mguuni, kisha akapanua kinywa chake mbele ya uso wa Risper, akiigiza mtu anayemfokea mwenzake aseme. Mara tatu alirudia, huku macho yakimng'aa kwa furaha ya kueleweka.

Osundwa alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi. Aliiona ishara yake.

"Anasema nini juu yangu?"

Risper alijibu kabla hajafikiri, kwa sauti ile ile asiyoweza kuipima, hata majirani wa ng'ambo ya ua wakageuka. "Anasema ulimchoma ili uone kama kweli hawezi kuongea!"

Pascalia alinyanyuka haraka. "Hapana. Anasema ng'ombe. Ng'ombe ilimsukuma kwa moto. Si nilikuambia huyu anaangukanga ovyo?" Akaweka vidole viwili kichwani kuwaonyesha watu.

Mmbone alidhani mama amesahau somo. Akamwendea kwa upole, akaushika mkono wake, akakikunja kidole cha pili. Kimoja, mama.

Pascalia alimchapa mikononi, kwanza kwa kiganja, kisha kwa mwiko.

Osundwa hakupandisha sauti. Alimgeukia Risper ili amwone vizuri midomo. "Mtoto huyu alikuwa mzuri. Wewe ndiye umemfundisha uongo. Enda kwenu, dada."

Jumatatu Risper alikwenda kwa naibu wa chifu. Mzee yule alimsikiliza hadi mwisho, akauliza shahidi ni nani.

"Mtoto mwenyewe. Nitamtafsiria."

Naibu akamgeukia karani, na Risper akayasoma maneno yote: "Kiziwi anatumwa na bubu kumshtaki mwenye fahali." Walicheka hadi karani akafuta macho. Hata hivyo waliagiza Pascalia aitwe. Alikuja, akasema ni ng'ombe, na kesi ikaishia hapo.

Majuma mawili baadaye Risper alishindwa kuvumilia, akarudi Malinya, akasimama nje ya ua. Mmbone alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa, mikono yake miwili imefungwa pamoja kwa leso ya mamake. Fundo lilikuwa limelegezwa kidogo ili lisimkate. Alipomwona mwalimu aliinua furushi lile juu na kulitikisa.

Pascalia akatoka, akasimama katikati yao. Aliongea kwa mikono, polepole na bila kukosea hata mara moja, mwanafunzi bora kuliko wote ambao Risper aliwahi kuwa nao. Chakula, nani? Kulala, wapi? Akangoja jibu. Risper alisimama na mikono yake mitupu ubavuni.

Nenda, Pascalia akasema. Basi.

Mwaka uliofuata Risper alipata familia nyingine, huko Navakholo, yenye mvulana wa miaka minne. Alifundisha sufuria, mbuzi, mvua, ndizi. Mama wa nyumba ile alikuwa mwepesi wa kuuliza. Siku moja alijishika tumbo, akakunja uso, akataka kujua "inauma" husemwaje.

Risper akaivuta sufuria karibu.

"Hiyo bado," akamjibu. "Tuendelee na vyombo."