Kitambaa cha Shemeji

Nyumba yetu ya Makongeni ilikuwa na kompyuta mbili, yangu chumbani na ya kaka yangu sebuleni, zimeunganishwa kwa waya ili tutumie printa yake. Ghafla zikaacha kuonana. Wiki mbili nzima nilihangaika na mipangilio, nikiapa kwamba kaka ameniwekea password makusudi. Naye akaniita mjinga mbele ya watoto wake.

Jumapili nikamkuta mkewe akitandaza kitambaa alichofuma juu ya kompyuta ya sebuleni. Kumbe wiki mbili nyuma alikuwa ametoa kizibo kidogo kinachofunga mwisho wa waya, ambacho bila hicho kompyuta hazionani, kwa sababu kilizuia kitambaa kukaa vizuri mbele ya wageni.

“Shemeji, mbona hukusema?” nilifoka.

“Hapa mimi huwa naulizwa chai tu.”