Kisigino Changu Juu ya Bati la Mzee Kingu

Ndugu msomaji, wewe nicheke tu, maana Kiomboi nzima imeshamaliza kunicheka.

Nimezaliwa kwenye tembe, chini ya paa la udongo. Lakini tangu tupate uhuru, nani asiyetaka bati? Mzee Kingu alipotangaza kuuza nyumba yake, nikaenda kuikagua na mke wangu pamoja na mama mkwe. Wao wakaingia ndani. Mimi, kwa adabu zetu, siingii chumba alimo mkwe, basi nikabaki uani nikijifanya mtaalamu.

"Paa linavuja?" nikauliza.

"Halivuji," akasema Mzee Kingu.

"Hilo nitalijua mwenyewe."

Nikapanda. Kwetu paa la tembe hupimwa kwa kisigino: unalikanyaga kwa nguvu, na likinesa ujue miti imeoza. Nikakanyaga.

"Shuka, kijana! Hilo ni bati!" mzee akapiga kelele.

"Nimekulia juu ya paa, mzee!" nikamjibu, nikakanyaga kwa nguvu zaidi.

Kumbe bati lilishaliwa na kutu. Likaachia, nikazama hadi kiunoni. Kaptura ilichanika ikabaki imenasa juu, na miguu yangu ikawa inaning'inia ndani ya nyumba. Huko chini mtu akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

Ningefanya nini? Adabu ni adabu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama mkwe. "Nyumba tumeiona. Na wewe tumekuona."