Mheshimiwa kwenye Foleni ya Wageni

Mwaka 2017 kampuni ilinituma nimpeleke Mjerumani mmoja, mshauri wetu mpya, kupimwa afya ili apate kibali cha kuishi Qatar. Garini alipangusa miwani kwa ncha ya tai kila alipotaka kusema jambo zito, na yote yalikuwa mazito. Miaka kumi alikuwa mbunge wa jimbo kwao, akihubiri kwamba wageni warudi makwao na familia zao zisiwafuate, hadi chama kikamtema na wapiga kura wakamsahau. Maskini mheshimiwa. Kule kliniki aliulizia foleni ya Wazungu. "Mimi si mhamiaji," alimweleza Ssemakula, askari wa Kiganda mlangoni. "Mimi ni mtaalamu." "Sawa, bosi," Ssemakula akajibu kwa heshima zote. "Wataalamu pia wanaanzia kule nyuma." Akaenda kusimama nyuma ya Wanepali, akapangusa miwani, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mkewe na watoto wataruhusiwa kuja lini. Nikamwambia labda baada ya miezi miwili. Sisi madereva haturuhusiwi kabisa kuleta familia, na wangu walikuwa Eldoret, huo ukiwa mwaka wa sita. Uso ukamwiva. "Miezi miwili!" akasema. "Huu ni unyama. Mtu ataishije mbali na watoto wake?"