Kifua cha Melkior

Melkior wa Kirua Vunjo alipopeleka kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, ya posa kwa kina Yuditha, alikohoa mara tu baada ya shikamoo, akaendelea mpaka kibuyu kikatuliwa chini. Macho yake yalikuwa mekundu. Baba wa msichana, mzee Eliezeri, alionja mbege, akaisifu, kisha akasema habari ya posa itazungumzwa siku nyingine. Hakuna aliyetamka kifua kikuu, lakini wote walikiwaza.

Melkior hakuwa na kifua kikuu. Alikuwa na kazi, na siku hiyo alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Huko mjini Moshi klabu moja ya walowezi ilijenga bwawa la kuogelea ndani ya nyumba, kwa kuwa wake zao hawakuupenda upepo wa mlimani wakiwa wamelowa. Madirisha yalifungwa kutwa. Melkior ndiye aliyetia klorini, unga mweupe wa kusafishia maji, na harufu yake ilimkaba koo tangu wiki ya kwanza. Wenzake waliingia humo wakatoka wakipiga mluzi. Yeye alitoka akilia kama mfiwa.

Alijaribu kujifunga kitambaa puani. Akaambiwa anatisha watoto. Akanywa maziwa; akanenepa kidogo, kikohozi kikabaki. Mganga wa zahanati alimsikiliza mgongoni.

"Mapafu ni mazima. Usikae mle ndani."

"Kazi iko mle ndani, bwana mganga."

"Basi uwe unatokatoka."

Akawa anamwaga dawa, anakimbia nje kupumua, anarudi. Meneja akamuuliza kama anaharisha.

Yuditha alimweleza mama yake habari hizo zote. Mama Lukresia, aliyeuza ndizi Kiboriloni, hakuamini kwamba maji yanaweza kumkohoza mtu asiyeyanywa. Siku moja alijitwika mkungu, akaenda kuuuza jikoni kwa klabu, kisha akamwambia Melkior amwonyeshe hayo maji.

Melkior alimpitisha mlango wa nyuma. Mzungu mmoja mnene alikuwa anaelea chali.

"Amepatwa na nini huyu?"

"Anapumzika, mama."

Mama Lukresia alitaka kuuliza jambo jingine, koo likakataa. Machozi yakamtoka. Melkior akamshika mkono, akamtoa nje, akamketisha kwenye ngazi mpaka pumzi ikamrudia.

"Unakaa humo kutwa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa mshahara."

Jioni alimwambia mumewe, "Kifua cha yule kijana ni kizima. Akili ndiyo sina hakika nayo."

Mzee Eliezeri alikubali posa, kwa sharti kwamba binti yake asiolewe na mtu wa ile nyumba ya maji. Melkior akaomba kuhamishiwa bustanini. Meneja alikataa mara mbili. Mara ya tatu Melkior alimkoholea usoni, bila kukusudia, akapewa mkasi wa kukatia ua siku hiyohiyo.

Kikohozi hakikuondoka upesi. Kilipungua polepole, na siku ya ndoa kanisani kilimpata mara moja tu, wakati wa mahubiri, ambapo si yeye peke yake aliyekohoa. Milango ya bwawa ilipofunguliwa siku za joto, alihamia na mkasi wake upande upepo unakotoka.

Yuditha alimuuliza kama anaikumbuka kazi ya zamani.

"Masika tu," alisema. "Kule mvua haikuninyeshea."