Mipira Iliyopotea kwa Jina la Jerono

Nilianza kazi Jumamosi ya pili ya Februari, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka vizuri kwa sababu mechi ilikuwa ya saa tatu kamili, na meza ya makarani lazima iwe tayari dakika kumi kabla, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya choo cha uwanja tangu saa mbili na nusu nikiogopa kusogea. Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa michezo shuleni alikuwa amenituma kwa klabu ya wasichana ya mpira wa kikapu hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, akiwaambia nina mwandiko mzuri. Hakuwaambia kwamba siwezi kusalimia watu zaidi ya watatu wakiwa pamoja.

Aliyenipokea alikuwa Karani Mkuu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwenye miwani na jaketi kubwa la kiume, na klabu nzima ilimwita kwa cheo hicho mpaka akaondoka bila mimi kujua jina lake. Aliniangalia viatu, kisha mikono.

"Unaweza kunyamaza masaa mawili?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi umepita intavyuu. Keti."

Nawaandikia nyinyi mtakaokalia kiti hicho baada yangu, mjue kazi ilivyofanywa wakati wetu. Najua wakati wetu ni miaka miwili tu, na mimi nina miaka kumi na saba. Lakini nimestaafu, na mtu aliyestaafu ana ruhusa ya kusema hivyo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa bango la alama, yale makaratasi magumu yenye nambari ambayo unapindua kila kikapu kikiingia. Ubaya wa bango ni kwamba ukikosea, uwanja wote unakugeukia. "Wewe wa bango, umelala?" Nililia mara moja na kusingizia vumbi. Muhula uliofuata nikahamishiwa saa. Kazi ya saa ni kuisimamisha refa akipuliza filimbi na kuianzisha tena mpira ukiguswa. Ilinifaa sana, maana hakuna anayemkumbuka mtu wa saa mpaka dakika ya mwisho.

Kutoka hapo nilipandishwa cheo nikapewa karatasi, na karatasi ndiyo kazi yenyewe. Kikapu cha kawaida unapiga mstari wa mshazari juu ya alama, na pembeni unaandika nambari ya mchezaji. Kikiwa cha alama tatu, hiyo nambari unaizungushia duara. Mtupo wa adhabu ni kidoti kinene. Robo ya kwanza na ya tatu unatumia kalamu nyekundu, ya pili na ya nne ya bluu. Weka jiwe kila pembe, kwa sababu upepo wa hapa hauheshimu karatasi ya mtu. Julai vidole vinakufa ganzi, kwa hivyo tafuta glavu za zamani uzikate ncha.

Karani Mkuu alipomaliza chuo, aliniachia daftari. Daftari si karatasi. Karatasi ni ya refa na ligi, lakini daftari ni la Kocha peke yake. Humo unaandika ribaundi, yaani mpira unaodakwa baada ya mtu kukosa kikapu. Unaandika pasi zilizozaa vikapu. Na kuna safu ya mwisho, ya mipira iliyopotea, ile tunayoipoteza mikononi mwetu kabla hata ya kutupa. Kwa hiyo safu alinipa sheria moja.

"Mpira ukipotea, andika yule aliyeutoa mkononi mara ya mwisho. Mbele yake weka nambari ya aliyekuwa anapelekewa. Usianze kuhukumu. Sisi ni makarani."

Nilifurahi sana. Nilikuwa nimepata kazi ambayo inakataza mtu kutoa maoni.

Sasa niwaambie kuhusu timu. Wachezaji watano wa kwanza walikuwa pamoja tangu shule ya msingi, na mwaka huu mkubwa wao ana miaka kumi na saba. Nambari saba ni Jerono, mfupi, wa mtaa wa Langas, anayekuja mazoezini kwa miguu na raba zake kwenye mfuko. Yeye ndiye anayepandisha mpira na kuamua uende wapi. Nambari kumi na moja ni Njeri, mrefu, anayesimama chini ya kikapu, na shuleni tunakaa naye dawati moja. Shida ilikuwa kwamba Jerono huona nafasi kabla haijafunguka. Anarusha mpira, na mpira unafika Njeri akiwa bado anageuza kichwa. Unampiga kifuani, au unapita na kuingia kwenye michongoma. Ilikuwa pasi nzuri kabisa, nami naandika saba. Nikiinua kichwa, imetokea tena, naandika saba.

Nitasema ukweli. Baada ya mwaka hivi, Kocha Msaidizi alisahau kitabu chake cha mafunzo mezani nikakisoma. Kilisema pasi ikiwa nzuri na mpokeaji akashindwa kuishika, kosa ni la mpokeaji. Nilikifunga nikakirudisha mahali pake. Kubadilisha safu kungenilazimu niende kwa Kocha nizungumze. Na Njeri angejua ni mimi, na Njeri ndiye rafiki pekee niliye naye. Kwa hivyo niliendelea na sheria niliyopewa, huku nikijua ina kasoro.

Muhula wa pili mwaka huu tulipoteza mechi mfululizo. Mwenyekiti wa klabu, mzee anayeuza spea za trekta mjini, akaja na habari kutoka Burnt Forest, mji wa wakulima wa viazi ulio mbali na hapa. Klabu ya huko ilikuwa na msichana mrefu, mwenye nguvu, ambaye shangazi yake anaishi hapa Eldoret na yeye mwenyewe anataka kuhamia. Wangemwachilia tukiwapa mmoja wa watano wetu, hasa wa kupandisha mpira. Mambo hayo hufanywa kwa barua: kila klabu inaandika ya kumwachilia mchezaji, wazazi wanatia sahihi, ligi inapokea.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Nyavu za vikapu alinunua yeye, na wazazi waliochoka kuona binti zao wakishindwa walikuwa wakimfuata hadi dukani. Alisema amewaomba subira misimu miwili na maneno yamemwishia. Kocha alitaka watano wabaki pamoja mpaka wamalize kidato cha nne. Lakini Kocha ni mwalimu wa hesabu, na mtu wa hesabu hawezi kubishana bila nambari. Alhamisi, kabla ya mazoezi, aliniita.

"Karani, leta hiyo daftari. Hapa kwa mipira imepotea, ya timu yote, hii mingi ni ya nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Saba? Zaidi ya nusu?"

Nikasema ndiyo.

Akaiangalia ile safu. "Basi nilikuwa namtetea bure," akasema, akanirudishia.

Kumpeleka Jerono Burnt Forest kulikuwa kumwachisha mpira, na sote tulilijua hilo. Mama yake hufanya vibarua hadi jioni, na Jerono ndiye anayewalea wadogo zake wawili. Klabu ya kule ilisema itamtafutia shule ya bweni. Kocha mwenyewe alisema, kwa sauti ya chini, kwamba huyo mtoto hawezi kwenda bweni. Angekaa tu nyumbani, na ingekuwa mwisho wake.

Na hapa nilifanya kosa la pili. Ijumaa darasani nilimwambia Njeri habari hizo. Jioni hiyo mazoezini Jerono alimrushia mpira, Njeri akaukosa kama kawaida, wengine wakacheka. Njeri, kwa aibu, akasema, "Hizo pasi zako peleka Burnt Forest ukarushie viazi. Si daftari imeshasema."

Jerono alisimama. Kisha akaja moja kwa moja mezani kwangu, akageuza daftari limwelekee, akapitisha kidole kwenye safu kutoka juu mpaka chini.

"Hizi zote ni zangu?"

Nilikuwa na jibu, nililijua mwaka mzima, na sikulitoa. Alingoja kidogo, halafu akavua raba, akazitia kwenye mfuko wake na kuondoka kabla ya filimbi ya mwisho.

Nilifika nyumbani nikakaa na daftari mezani mpaka Mama akaniuliza kama naumwa. Kwa bahati sheria ya Karani Mkuu ilikuwa imeniachia njia, ile nambari ya pili. Nilipitia kila mechi. Saba kwa kumi na moja, saba kwa kumi na moja. Pasi hizo nilizikumbuka karibu zote, maana mtu asiyeongea huwa anaangalia. Nikaziandika upya kwa penseli, kila moja kwa aliyeikosa kweli. Na nikaona jambo ambalo hata mimi sikulijua. Mwanzo wa msimu pasi alizozikosa Njeri zilikuwa nyingi, kisha zikapungua mechi baada ya mechi.

Jumamosi saa nne kikao kilikuwa kwenye darasa lililo kando ya uwanja. Kulikuwa na Mwenyekiti, Kocha, Kocha Msaidizi, na mimi wa kusoma nambari. Barua ilikuwa tayari mezani ikingoja sahihi. Nilisimama.

"Kocha, daftari imekosea."

"Daftari haiwezi kosea yenyewe, msichana wangu," Mwenyekiti akasema. "Si ni wewe unaandika?"

"Ndiyo Mzee. Ni mimi."

Nikaeleza. Sijui nilitumia dakika ngapi. Nilisema kuhusu sheria, kuhusu kitabu cha Kocha Msaidizi, na kwamba nilikisoma nikanyamaza. Mwenyekiti alisikiliza akipapasa ile barua.

"Kwa hivyo wa kupeanwa ni huyu mrefu? Kumi na moja?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimemtoa mmoja shimoni na kumtumbukiza rafiki yangu. Lakini Kocha alikuwa ameshachukua daftari, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Hapana, Mzee," akasema. "Angalia. Mechi ya kwanza tisa. Hii ya katikati tano. Ya juzi mbili. Hawa wawili wanaanza kusomana. Ukitoa mmoja, yule mwingine anarudi mwanzo na mtu mgeni."

"Na tukiendelea kupoteza?"

"Tutapoteza zingine, Mzee. Sikudanganyi."

Hatimaye Mwenyekiti akaikunja barua, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akasema atawapigia Burnt Forest yeye mwenyewe na wazazi atawakabili, lakini ni mpaka mwisho wa msimu, si zaidi. Kisha akauliza huyo saba yuko wapi, mbona hakumwona uwanjani.

Tulikuwa tumekubaliana kubaki na watano, na uwanjani walikuwa wanne. Kocha akasema barua anaweza kuikataa, lakini mtoto wa mtu hawezi kumvuta kwa mkono. Alisema angeenda kwa mama yake Jumatatu. Nikamwambia asiende, nitaenda mimi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama tayari, nikamwambia pia kwamba nastaafu. Mama alikuwa ameshasema kidato cha nne hakitaki meza mbili, na hiyo ni kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba sikuona tena nikikaa pale. Kocha aliangalia dirishani akasema nimalize angalau mechi ya mchana huo hadi robo ya nne, kwa kuwa mtu wa saa hakuwa amekuja. Nikaimaliza. Tulishindwa kwa alama sita. Njeri nilimweleza yote siku hiyo hiyo, na akahama dawati letu kwa wiki moja.

Nikiitazama kazi yangu sasa, siwaambii muiache sheria ya Karani Mkuu. Alinifundisha kazi, na bila ile nambari ya pili nisingekuwa na cha kuonyesha. Ninachowaambia ni kwamba safu mnazochora ndizo Kocha atakazosoma, na hakuna safu ya mnachokiona mkanyamaza. Mimi nilidhani ukimya ni upole. Klabu ilikaribia kuitawanya timu changa kwa sababu ya upole wangu. Kama una haya kama mimi, bado kazi hii inakufaa, lakini jizoeze kusema sentensi moja kila mechi, hata kama ni ya kuomba kalamu.

Asubuhi iliyofuata kile kikao, Jumapili, nilikwenda Langas na daftari ndani ya sweta. Nilimkuta Jerono kwenye bomba la ploti wanayopanga akifua yunifomu, na kina mama wanne au watano wakingoja zamu na ndoo zao. Nilisalimia wote. Akaniangalia bila kuacha kufua.

"Umetumwa?"

"Hapana. Nimestaafu."

"Umestaafu nini na wewe mtoto?" mama mmoja akauliza, akicheka. Jerono hakucheka. "Si useme chenye kimekuleta."

Nikamwambia haendi popote, barua imekunjwa, na mipira haikuwa yake, niliandika vibaya na nilijua.

"Soma," akasema.

"Hapa?"

"Si uliandika mbele ya watu?"

Nikafungua daftari. Nilisoma kwa sauti, mbele ya wale kina mama, nikianzia mechi ya kwanza: robo ya pili, saba kwa kumi na moja, pasi nzuri, kumi na moja hakushika. Robo ya tatu, saba kwa kumi na moja, pasi nzuri. Ndoo zikawa zinajaa. Nilipofika mechi ya sita alinyanyua mkono wenye povu.

"Hiyo hapana. Hiyo sio ya Njeri. Nilikuwa nimekasirika, niliirusha juu sana. Hiyo ni yangu. Rudisha."

Nikafuta kumi na moja kwa kidole, nikaandika saba.

"Endelea," akasema, akasogeza karai nipate mahali pa kukaa.