Aliyetoa Ini Akune Nazi

Kabla hatujapasuliwa, kule India, daktari alitukalisha mimi, kaka yangu na mama, akanieleza hatari zangu za kumpa kaka kipande cha ini, moja baada ya nyingine. Naweza kutokwa damu nyingi. Nyongo inaweza kuvujia tumboni. Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni. Mshono unaweza kuachia kwa ndani, ngiri ikatokea. Mara chache, mtoaji hufa. Mwisho akasema kipande cha ini nitakachobaki nacho kitakua, na baada ya miezi michache kitakaribia ukubwa wa ini la awali. Mama alirudi nyumbani Mapinga na hilo la mwisho tu.

Wageni wakaanza kumiminika kumpa kaka pole. Alikaa sebuleni, barakoa usoni, mkewe pembeni akimwangalizia saa za dawa. Kwetu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa haondoki bila kula. Wifi alikuwa na mgonjwa wake, kwa hiyo jiko likawa langu.

"Mama, daktari kanikataza kujikamua tumbo."

"Kujikamua gani? Nimekwambia ukate kuni? Unakaa zako kwenye mbuzi, unakuna nazi. Ini si linaota, mwanangu? Mwenzio ndiye aliyekuwa anakufa."

Nikakaa kwenye mbuzi. Anayejua kukuna nazi anajua kwamba mkono huzungusha tu, tumbo ndilo linalosukuma. Kovu langu linapita chini ya mbavu za kulia mpaka katikati, na kila nilipokigandamiza kifuu nililisikia likivutika.

Mtani wetu mmoja, bibi wa Mkange asiyemwogopa mtu, aliingia jikoni kutafuta maji. Akanitazama.

"He! Huyu si ndiye aliyekatwa?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Akageukia sebuleni, akapaza sauti: "Nyie! Mmeshamla ini mwenzenu, sasa mnataka awakunie na nazi ya kuteremshia?"

Sebule nzima ikacheka. Utani huchekwa, ndiyo desturi. Kaka naye alicheka, huku amejishika ubavu kwa maumivu. Hakuna aliyeinuka. Mama akaniuliza kama tui litatosha.

Uvimbe niliuona bafuni. Nikikohoa ulitoka, nikilala ulirudi. Mama alisema ni gesi, akanifunga kanga tumboni kama mzazi, nikaendelea kupika kwa sababu wageni waliendelea kuja. Siku uvimbe ulipogoma kurudi nilitapika asubuhi nzima, na jirani ndiye aliyetafuta gari la kunipeleka hospitali. Utumbo ulikuwa umebanwa ndani ya ngiri. Wakanipasua tena, juu ya kovu lile lile. Ini lenyewe, waliniambia, limekua vizuri sana.

Mama alikuja na uji kwenye chupa. Nikamuuliza ni lini kaka atakuja.

"Anakusalimu sana," alisema, akipuliza kikombe. "Lakini dawa zake zinashusha kinga, unajua. Daktari kamkataza kuwasogelea wagonjwa."

Nilitamani uwe uongo. Lakini nilikuwapo daktari alipomwambia hivyo, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuvunja katazo alilopewa kaka, hata moja.